Nilivyootesha asumini nyumbani baada ya kustaafu

Mwaka 2017 nilirudi Lamu na masanduku mawili, redio, na miaka 31 ya ukarani wa bandarini Mombasa. Umri wangu ulikuwa miaka 60. Mke wangu alinipokea gatini kwa furaha, akapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, watoto wakaja, majirani wakaja. Siku ya nne, baada ya chai, akaniuliza kwa upole kabisa: "Leo hutoki?"

Sikumlaumu. Miaka yote ile nilikuwa nikija likizo na Idi, na katika siku hizo nilikuwa mgeni wa heshima kwenye nyumba yangu mwenyewe. Mgeni wa heshima akikaa miezi miwili huwa mzigo. Nyumba ilikuwa na saa zake, nami sikuzijua. Asubuhi mke wangu anasukuma mahamri. Saa nne jirani anaingia kwa mlango wa nyuma, maana wanawake hao wamekuwa kama ndugu. Alasiri kina mama wanakaa msanani, ule ukumbi wa ndani, na mwanamume akiketi pale wote wanajifunika na mazungumzo yanakatika. Popote nilipoweka kiti palikuwa na mwenyewe.

Nikawa nashinda Mkunguni, mbele ya ngome, na wazee wenzangu. Kahawa thungu, dhumna, habari za mashua. Ni mahali pazuri na bado naenda. Lakini miaka 31 nilikuwa nikilala Mombasa huku naiota nyumba yangu, na sasa niko Lamu naikimbia tangu asubuhi mpaka magharibi. Hilo lilinisumbua.

Siku moja mke wangu alikuwa anajitayarisha kwenda harusini. Akamtuma mtoto akanunue kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia ambacho wanawake hujipamba nacho. Kikaja asumini zake zimeshageuka rangi ya chai, rihani imenyauka. Akakishika, akakinusa, akakiweka dirishani. "Zamani mama alikuwa na mwasumini hapa kiwandani," akasema. "Hatukununua kikuba sisi." Akavaa buibui lake akatoka.

Kwa vijana wanaosoma: kiwanda ninachokisema si cha kutengeneza bidhaa. Kwa nyumba zetu za zamani ni ule ua wa ndani, ulio wazi juu, unaoipa nyumba mwanga na hewa. Chetu ni hatua nne kwa tano. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene karibu nusu mita, na vyumba vinavyokizunguka ni vyembamba kwa sababu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Jua huingia kiwandani saa tatu hivi asubuhi na huondoka saa tisa. Mahali hapa pa kupendeza tulipatumia kuanikia nguo tu.

Jaribio langu la kwanza nililifanya bila kumuuliza mtu. Nilibomoa sakafu pembeni, nikachimba shimo, nikapanda mche wa asumini nilioununua, nikaunywesha ndoo nzima kila jioni kutoka kisima chetu. Baada ya mwezi, kingo za majani zikaanza kuwa za kahawia, kana kwamba mtu amepitisha kiberiti. Nikadhani ni kiu. Nikaongeza maji. Majani yakapukutika.

Mke wangu alinitazama siku kadhaa. Mwishowe akachukua kata, akachota kisimani, akanisogezea mdomoni. "Onja."

Nikaonja.

"Haya ni mai ya munyu. Wanywesha mti munyu, kisha wangojea maua?"

Maji yale tunaogea na kufulia, na kwa kuwa sikuwa nikiyanywa sikuwahi kuyafikiria. Mji wa Lamu uko kando ya bahari na visima vyake vingi vina chumvichumvi. Maji matamu tunayoletewa kwa mabomba yanatoka Shela, chini ya vilima vya mchanga. Mvua ikinyesha kule, mchanga huinywa yote, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari, hukaa juu yake chini ya ardhi kama mafuta juu ya mchuzi. Ndiyo maana watu wazima hapa hukasirika wakisikia mtu ataka kujenga juu ya vilima vile. Hasira hiyo ninayo na mimi, na sitaificha.

Kisha likatokea la pili. Chokaa ya ukuta uliokuwa karibu na shimo langu ikaanza kuvimba na kumenyeka, unga mweupe ukitoka kama sukari. Mwashi akaja, akagonga kwa kidole, akasema matumbawe yananyonya maji kutoka kwenye shimo na chumvi inapanda nayo ukutani. Nikafukia shimo. Kutengeneza ukuta kulinigharimu zaidi ya bustani nzima niliyokuja kuifanya baadaye. Anayekaa nyumba ya mawe na anisikie: panda kwenye vyungu, uviinue juu ya vipande vya matofali, na viwe mbali na ukuta kwa kiasi cha mtu kupita na fagio.

Mara hii nikaanza kwa kuuliza. Nilikwenda kwa shangazi yangu Shela, kwa miguu, nikifuata ufuo maji yalipokupwa. Ana zaidi ya miaka themanini na miasumini yake imezidi urefu wa mlango. Akanikatia vipandikizi 12 vya urefu wa shibiri, kila kimoja na vifundo vitatu au vinne, akaondoa majani ya chini. "Wewe usiwe na haraka, mwanangu," akaniambia. "Weka kwenye mchanga uliooshwa, kivulini, unyevu usikauke wala usijae. Usivivute kutazama mizizi." Nilivivuta viwili, na hivyo viwili vilikufa. Kimoja kikaoza. Tisa vikashika katika wiki sita hivi.

Udongo niliuagiza kutoka bara, magunia mawili, ukavushwa kwa mashua kutoka Mokowe. Samadi haikunigharimu hata senti. Punda wanapita mlangoni kwetu kutwa na mawe, saruji na mchanga, na vijana wao walifurahi kunijazia gunia. Mbichi ni kali, huunguza mizizi. Niliirundika darini juu, nikaifunika, nikaigeuza kila Ijumaa kwa miezi mitatu mpaka ikawa nyeusi na harufu yake ikawa ya udongo tu. Mke wangu hakuipenda miezi ile mitatu na alinieleza wazi.

Maji ndiyo yaliyonirudisha kwenye hesabu zangu za bandarini. Juu ya nyumba tuna jiko lenye paa la mabati, mita nne kwa tano. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 10 kwenye paa lile ni lita 200. Nilifunga mfereji na bomba hadi kwenye tangi la lita 1,000, mdomoni nikalifunga kitambaa ili mbu wasizalie. (Kwenye birika la chooni bado tunafuga visamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu, kama alivyofanya babu.) Masika ya Aprili na Mei hulijaza hata likafurika. Taabu ni kaskazi. Vyungu tisa, lita moja na nusu kila kimoja kwa siku, tangi linaisha kwa siku 74, na kaskazi inavuma tangu Desemba mpaka Machi, upepo mkavu unaokausha hata kanga kwa nusu saa.

Nilimwonyesha mke wangu hesabu hiyo kwenye daftari. Akacheka. "Na maji ninayooshea mchele? Nayamwaga kila siku." Sikuwa nimewahi kuyaona. Miaka yote, mara mbili kwa siku, lita tatu au nne za maji matamu yenye wanga zilikuwa zikienda mferejini umbali wa hatua sita kutoka nilipoketi. Tangu siku hiyo akawa ananiwekea, nami nikawa na sababu ya kufika mlangoni pa jiko saa tano asubuhi bila kuambiwa nipishe. Nikifika, nikawa napewa nazi nikune. Nikikuna, tunazungumza. Mengi ya maisha ya watoto wetu niliyajua pale, juu ya mbuzi ya kukunia nazi: nani aliugua surua mwaka gani, nani alikataa kwenda chuo cha Kurani akajificha nyuma ya birika. Nilikuwa nimetuma ada na sikuwa nimesimuliwa.

Mwaka wa kwanza hakukuwa na maua ya maana. Shangazi akanitumia ujumbe: kata matawi. Asumini hutoa vitumba vya maua kwenye ncha za matawi mapya, mti usiokatwa unabaki majani. Nilikata kila tawi theluthi, mkono ukitetemeka, nikaweka samadi konzi mbili kila chungu. Na mara moja kwa mwezi wakati wa mvua namimina maji ya mvua mengi mpaka yatoke chini kwa wingi, ili chumvi yoyote iliyobaki kwenye udongo ishuke. Baada ya wiki tano hivi niliamka alfajiri kwenda msikitini na nikakuta kiwanda kizima kinanukia. Nilirudi chumbani nikamwamsha mke wangu. Tukasimama pale gizani, yeye na kanga begani, hatukuwasha taa.

Kuchuma kuna saa yake. Ni baada ya alasiri, kabla ya magharibi. Unachagua kitumba kilichojaa, cheupe kabisa mpaka kwenye shingo, bado kimefumba. Chenye ukijani hakitafunguka. Kilichofunguka kimechelewa, kesho kitakuwa rangi ya chai kama kile kikuba cha dukani. Unakikata kwa ukucha chini ya shingo, hukivuti. Usikiloweshe, tone la maji huacha doa. Unaviweka ndani ya kipande cha jani la mgomba, unakunja. Vinafunguka usiku, mwilini mwa mwenye kuvivaa.

Mke wangu ndiye aliyenifundisha kutunga. Vidole vyangu ni vya kalamu na mihuri, na mwanzo nilitoboa vitumba vingi ubavuni. "Pitisha sindano kwenye shingo, si tumboni," akaniambia, akanishika kidole akakielekeza. Sasa natunga haraka kumpita mjukuu wangu wa miaka tisa, ingawa macho yake ni bora. Yeye kazi yake ni kuchuma vilivyo juu kwa kupanda kigoda, na kuuliza kila kimoja: "Babu, hiki kiko tayari?" Kikiwa na ukijani anakijua, anauliza tu. Rihani iko kwenye makopo manne karibu na ngazi, naikata vichwa kila inapotaka kutoa maua ili izidi majani. Mkadi hauwezekani kwenye kiwanda, ni mti mkubwa wenye miba, huo tunaletewa kutoka shamba. Nyuzi za asumini, ncha za rihani, vipande vya mkadi, na waridi likipatikana, vinafungwa pamoja na kikuba kimekuwa.

Hatuuzi. Nimeulizwa mara nyingi. Mwezi wa Maulidi mahitaji ni makubwa na watu wako tayari kulipa, lakini tangu mwanzo tulikubaliana kuwa vya kwanza ni vya nyumba, vya pili ni vya majirani wa pande mbili, na vikizidi vinakwenda kwa mwenye harusi. Mwaka jana binti yetu wa mwisho aliolewa. Kwa wiki mbili sikuruhusu mtu achume hata kimoja kwa siku za kawaida, nikakata matawi mapema kwa hesabu ya wiki tano, na Mungu akajaalia. Jioni ile kina mama walikuwa msanani, zaidi ya ishirini, wanatunga za kitanda cha bibi harusi. Nilisimama mlangoni na sinia la majani ya mgomba, nikitaka kulikabidhi niondoke. Yule jirani wa mlango wa nyuma akasogea, akapapasa mkeka pembeni karibu na mlango. "Mzee, keti hapo. Sindano hii hapa." Nilitunga nyuzi saba. Mazungumzo yalikatika kidogo, kisha yakaendelea.

Mkunguni naenda baada ya isha siku hizi, na wenzangu wamezoea. Wawili wamechukua vipandikizi. Mmoja kavivuta kutazama mizizi.

Sasa ni kaskazi tena. Jana nilipima tangi kwa fimbo, limeshuka chini ya nusu, na Machi iko mbali. Nilipotoka kuswali adhuhuri nilikuta bakuli la maji ya mchele pale kiwandani, limefunikwa sahani ili paka wasinywe, na juu ya sahani kata. Nilianza na chungu cha tatu, kile chenye matawi mapya.