Roketi ya chupa ya soda na kizibo cha ndala

Mpwa wangu alikuja Moshi likizo ya mwezi wa 6, akaamkia tu, hata begi hajatua: "Mjomba, eti roketi inatengenezwa kwa viberiti?" Wenzake walimwambia unakwangua vichwa vya njiti, unavishindilia kwenye kibomba. Nikamwambia vidole vyake bado navihitaji. Tutatumia maji na upepo wa pampu.

Chupa tulianza na ya maji ya kunywa, maana zimejaa nyuma ya mlango. Akaibonyeza kwa kidole gumba ikaingia ndani. Ile ni nyembamba, ukiijaza upepo inaweza kukupasukia. Ya soda imetengenezwa kubeba gesi, ndiyo maana kitako chake kina vile vifundo vitano. Tukapata moja ya lita moja na nusu.

Kizibo ndicho kilichotula siku mbili. Kinatakiwa kibane upepo usitoke, halafu kiachie chenyewe ukishakuwa mwingi. Nilichonga gunzi, kama lile la chupa ya mafuta ya taa, likavuja pande zote. Nikachonga mti, nao ukavuja. Nikaenda kijiweni kwa fundi pikipiki, akanitupia tyubu iliyokwisha kazi: "Kata valvu yako hapo, mzee, hiyo haiuzwi." Valvu ya pikipiki ni ndefu, ya chuma, ina nati. Nikaikata na kipande cha mpira wake, nikakipunguza kiwe duara la kupita kwenye mdomo wa chupa. Kisha nikachukua ndala iliyokatika mkanda, nikakata kwenye soli vidude vitatu vya duara, nikavitoboa na kuvipanga kwenye valvu, juu yake washa, kile kibati cha duara chenye tundu, mwisho nati. Uzuri wake ni huu: ukikaza nati, ndala inabanwa na kutanuka pembeni, inashika chupa. Ukilegeza, inanywea. Unataka roketi isubiri upepo zaidi? Kaza robo mzunguko.

Mabawa ya boksi yalilowa mara moja yakawa kama chapati ya jana. Tukakata matatu kwenye dumu la mafuta ya kupikia, marefu kiasi cha kupita mdomo wa chupa, ili yawe pia miguu ya kusimamia. Tukayafunga kwa solotepu tu. Chupa hiyo usiitoboe wala usiiguse na msumari wa moto, ukiidhoofisha mahali pamoja ndipo itakapopasukia.

Tukaenda kiwanjani asubuhi, kabla ya wacheza mpira. Mlima ulikuwa umejifunika. Nikapampu, ikaondoka kwa kishindo, ikapanda kama mita mbili, ikageuka na kuwafukuza kuku wa watu. Mimi nikajifanya najua: kitu kizito chini hakianguki, tazama mtungi. Nikafunga mchanga kwenye soksi, nikaubana karibu na mdomo wa chupa. Safari hii ilipinduka kabla hata ya kufika usawa wa kichwa changu.

Mpwa akaniuliza taratibu, "Mjomba, mshale chuma chake kiko wapi?"

Mbele. Na manyoya nyuma. Nilinyamaza kidogo.

Tukakata kichwa cha chupa nyingine, tukakivisha kwenye kitako cha roketi yetu, ambacho ndicho kinaenda mbele, na ndani yake tukaweka udongo wa mfinyanzi kiasi cha ngumi ya mtoto. Kabla ya kurusha tukaifunga kamba pale inapokaa sawa bila kuinama, nikaizungusha juu ya kichwa. Ilienda pua mbele bila kuyumba. Kama yako inazunguka kinyumenyume, ongeza udongo au panua mabawa, usiirushe kwanza.

Maji nayo tuliyajaribu. Chupa ikikaribia kujaa, ni nzito na upepo hauna nafasi, ikaruka hadi gotini. Bila maji, upepo ni mwepesi na unaisha mara moja. Theluthi moja, yaani nusu lita, ndiyo ilitupa raha. Upepo unayasukuma maji chini, maji yanaisukuma chupa juu. Mpwa alikuwa ameikariri kanuni ya tatu ya Newton, ya mwaka 1687, kwamba ukisukuma kitu nacho kinakusukuma kwa nguvu ileile, kwa ajili ya mtihani. Siku hiyo ilimlowesha mpaka sketi.

Pampu ilikuwa ya mguu, yenye mpira mrefu, na watoto niliwarudisha hadi golini. Sheria yangu ni moja: ikigoma kuondoka, hakuna kuisogelea wala kuchungulia juu yake. Tulifunga kamba kwenye mguu wa roketi tangu mwanzo, ili tuiangushe kutoka mbali.

Mpigo wa kumi na tisa, ikaachia. Ikapita kilele cha mgrevea, ikasimama hewani kidogo, ikarudi. Mpwa alihesabu kwa simu sekunde 2 na nusu tangu ilipogeuka hadi ilipogonga nyasi. Akapiga hesabu mchangani kwa kijiti: 5, yaani nusu ya ile 10 ya mvutano wa dunia, mara 2.5 mara 2.5, mita 31. Nikamkumbusha kwamba hewa inaipunguzia kasi ikishuka, kwa hiyo tukatoe kidogo. Akaandika 31 hivyohivyo.

Ya pili tuliirusha jioni bila kupima upepo unakotoka. Ipo juu ya mgrevea mpaka leo, na valvu tunayo.