Nilivyomwandaa mtoto kutoa ushahidi kortini

Mimi ni mwanasaikolojia, nafanya kazi na watoto hapa Mombasa. Mwendesha mashtaka aliponipigia simu, shahidi wake mkuu katika kesi ya unajisi alikuwa msichana wa miaka tisa asiyeweza kufungua kinywa mbele ya watu. Mamake alikuwa akimkaririsha maneno kila usiku. Hilo nililikomesha kwanza. "Mama," nilimwambia, "ukimfunza la kusema, wakili wa utetezi atagundua, na mtoto ndiye atakayeonekana mwongo."

Kuhusu kesi yenyewe sikumwuliza chochote. Nilishika kalamu ya buluu nikamwambia, "Hii ni nyekundu, sivyo?" Akaitikia, kwani watoto wetu wamelelewa wasimbishie mtu mzima. Adabu hiyo ni hatari kizimbani. Tulirudia na vitu vingine mpaka akasema, "Hapana anti, hiyo ni buluu." Tukaingia kwenye "sijui", "sikumbuki" na "sijaelewa swali", na kwamba hakuna atakayemgombeza kwa kuyasema.

Karani alituruhusu kuingia kortini wakati hakuna kesi. Nikamwonyesha hakimu anapoketi, mshtakiwa atakapokuwa, na mlango uko wapi. Mlango ndio uliomtuliza zaidi.

Kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 kinairuhusu korti ya Kenya kumlinda shahidi kama huyu: akingwe asionane na mshtakiwa, kesi isikizwe faraghani, au awe na msaidizi. Sheria inamtaja mwanasaikolojia waziwazi miongoni mwa wanaoweza kuwa msaidizi huyo. Anaweza kumfikishia mtoto maana ya swali, na kumwarifu hakimu kwamba mtoto amechoka. Mwendesha mashtaka aliomba niwe msaidizi wake, korti ikakubali.

Wakili alipouliza mambo matatu kwa mkupuo, mtoto akasema, "Sijaelewa." Hakimu akaagiza yatenganishwe. Baadaye nikamwona mtoto anasugua vidole, majibu yakizidi kuwa mafupi. Nikaomba mapumziko, akanywa maji, akarudi akamaliza.

Katika makosa ya kingono, kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu korti kumtia mtu hatiani kwa neno la mtoto aliyetendewa peke yake, mradi iamini anasema kweli na iandike sababu zake. Ndiyo maana nawasihi waendesha mashtaka: msituite asubuhi ya kesi. Tuiteni faili inapofunguliwa, kabla mtoto hajakaririshwa.