Tulivyopanga gharama za banda la kiwanda cha korosho Mtwara

Tulipoanza kusema kwamba tunajenga kiwanda cha kubangua korosho, karibu kila mtu aliniuliza swali lilelile: mita ya mraba mtaijenga kwa shilingi ngapi? Nilikataa kuanzia hapo, na mpaka leo nawaomba wenzangu wasianzie hapo. Banda lililo wazi ndani na banda lenye nguzo katikati yanaweza kuwa na mita za mraba sawasawa. Sakafu ya watu kupita na sakafu ya kubeba magunia, vivyo hivyo. Gharama zake ni mbingu na ardhi.

Mimi ndiye niliyekabidhiwa hesabu za mradi katika kampuni yetu ndogo, kiwanja chetu kikiwa upande wa kwenda Mikindani. Nilianza kwa kuuliza ndani patakaa nini. Korosho ghafi ikishaingia inapigwa mvuke, inabanguliwa, inakaushwa, inamenywa ganda la ndani, inapangwa madaraja, ndipo inafungashwa. Kila hatua inataka nafasi yake, na mzigo usirudi ulikotoka. Tukaenda uwanja wa wazi na kamba, vigingi na chokaa, tukalichora banda zima chini kwa ukubwa wake halisi. Kisha tukamwita dereva wa lori la Fuso aingie na kurudi nyuma kama anayeshusha magunia. Tairi la nyuma likakanyaga mstari wa chumba cha mvuke. Hapohapo mlango mkubwa tukauhamishia ubavuni, kabla mtu yeyote hajachimba msingi. Tulitoka pale na mita 20 kwa 40.

Jambo lililotuokolea fedha nyingi kuliko yote ni upana. Wengi wetu tulitaka banda lisilo na nguzo hata moja katikati, kwa kuwa linapendeza na mashine zinahamishika. Mhandisi akatueleza taratibu: kwa mzigo uleule kwa kila mita, upana ukizidi mara mbili, nguvu inayopinda boriti inazidi mara nne. Chuma lazima kinenepe, na chuma kinauzwa kwa kilo. Tulipoutazama tena mchoro wetu wa chokaa tuliona mpaka kati ya ghala na mashine unapita katikati kabisa ya banda, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nguzo zikasimama kwenye mpaka huo, na mita 20 zikawa mita 10 mara mbili. Uzito wa kenchi, yaani fremu zinazobeba paa, ulishuka sana, na nguzo zile hazimkwazi mfanyakazi yeyote. Ofisi, vyoo na chumba cha kubadilishia nguo tulivitoa nje ya banda, tukavijengea tofali na paa la kawaida. Hakuna sababu ya kuiweka meza ya mhasibu chini ya paa la kiwanda la mita sita kwenda juu.

Sakafu, au jamvi kama mafundi wanavyoliita, ndipo nilipokaza macho zaidi. Gunia la korosho ghafi lina kilo kama 80. Ukiyapanga 10 kwenda juu, kilo 800 zinakalia eneo lisilofika mita moja ya mraba. Kwa hiyo upande wa ghala na mashine haukuwa wa kubahatisha: moramu iliyoshindiliwa kwa tabaka, nailoni ya kuzuia unyevu, wavu wa chuma wa kuimarisha zege uitwao BRC, na zege la sentimita 15. Hesabu yake mtu yeyote anaweza kuipiga. Mita za mraba 800 mara 0.15 ni mita za ujazo 120. Kwa zege letu tulikadiria kilo 320 za saruji kwa kila mita ya ujazo, yaani mifuko sita na nusu hivi ya kilo 50. Jamvi peke yake likataka mifuko 768, bado hujaweka ya kupotea. Nilipoijua namba hiyo, niliweza kukaa na mkandarasi yeyote tukazungumza lugha moja.

Ndiyo maana tulimlipa mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa atuandalie mchanganuo wa gharama, ule wanaouita BOQ, kabla ya kuomba bei. Wakandarasi wote wakajaza karatasi ileile. Bei moja ilikuja chini sana kuliko nyingine na kamati ikachangamka. Nikaupitia mchanganuo mstari kwa mstari: jamvi limeandikwa sentimita 10, BRC haipo, na VAT ya asilimia 18 haijaingizwa. Tulipovirudisha vitu hivyo mahali pake, ile nafuu ikayeyuka yote. Kwa mradi wa shilingi milioni 300, VAT peke yake ni milioni 54. Hiyo si fedha ya kukutana nayo njiani.

Kuhusu vifaa, huku kusini tuna neema moja na mzigo mmoja. Neema ni saruji: tangu 2015 kiwanda cha Dangote kipo hapahapa Mtwara. Mzigo ni chuma na bati, ambavyo kwa sehemu kubwa tunavifuata Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550 kupitia Lindi na daraja la Mkapa pale Rufiji. Waliokuwepo Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya kusini ikakatika maeneo ya Somanga, wanajua mzigo unaweza kukwama kiasi gani. Chuma chote tulikiagiza kwa mkupuo, wakati wa kiangazi. Usafiri tuliutafuta kwa madereva waliopeleka mzigo Dar na wanaorudi Mtwara na lori tupu. Bei yao ilikuwa nafuu kwa mbali kuliko ya gari la kukodi kwenda na kurudi.

Kwenye bati sikukubali kubana. Tuko jirani na bahari, na upepo wa chumvi hauna huruma na chuma. Geji 30 ndiyo ya bei rahisi, lakini namba ya geji ikishuka ndipo bati linaponenepa, nasi tukachukua geji 26 na misumari ya kukaza iliyopakwa zinki. Fedha hiyo ilitoka kwenye kuta: tofali hadi usawa wa dirisha, juu yake bati. Hewa inapita vizuri zaidi, na karibu na mitungi ya mvuke hilo wafanyakazi wanalishukuru kila siku.

Halafu kuna yale yasiyo kwenye bei ya mkandarasi. Kibali cha ujenzi cha halmashauri, cheti cha mazingira, ukaguzi wa Zimamoto, usajili wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, umeme wa fezi tatu na transfoma, tangi la maji, uzio, kipande cha barabara kinachobeba lori wakati wa mvua. Niliyafungulia ukurasa wake tangu mwanzo. Mwenye banda zuri lisilo na umeme wa fezi tatu ana ghala, hana kiwanda.

Kalenda nayo ni sehemu ya bajeti, na huku kwetu inapangwa na mikorosho. Kuanzia Oktoba minada ya stakabadhi ghalani, ya kuuza korosho zilizokusanywa maghalani, inaanza, vijana wako mashambani wanaokota, vibarua wanapungua na bei ya siku inapanda. Desemba mvua imeingia. Kwa hiyo msingi tuliuchimba kiangazi, na lengo likawa paa liwe limefunika kabla ya mvua. Fedha za awamu ya kwanza zilitoka kwenye mauzo ya msimu uliotangulia. Mkopo tuliuacha kwa ajili ya mashine tu, ili riba isianze kula wakati nguzo bado zinasimamishwa.

Tulitenga asilimia 10 ya dharura, ikakaa kwenye mstari wake, na haikuguswa bila sahihi mbili. Ilikuja kusaidia mapema. Asubuhi moja fundi mkuu alinipigia: "Shikamoo mama. Njoo uone, kona ya huku sululu inazama yenyewe." Chini palikuwa na shimo la zamani la taka, limejaa majivu na vifuu vya nazi. Mhandisi akaagiza kuchimba hadi udongo mgumu na kujaza upya. Sahihi zikapatikana siku ileile, na kazi haikusimama.

Mkandarasi tulimlipa kwa hatua zilizopimwa, na asilimia tano ya kila malipo tukaishikilia hadi kipindi cha matazamio, cha kungoja kasoro zijitokeze na zirekebishwe, kiishe. Ukuta wa mwisho wa upande wa mashariki tuliomba ufungwe kwa boliti, na fremu yake iwe na nguvu sawa na fremu za ndani, ili siku ya kurefusha banda uondolewe bila kubomoa. Nyongeza hiyo ya mita 15 nimeanza kuikokotolea jamvi.