Besi inameza kiki: jinsi nilivyotatua kwenye biti ya singeli

Biti nyingi za singeli tunazopika nyumbani hapa Mtwara zinasikika safi kwenye hedifoni, ila zikifika kwenye spika kubwa za shughuli kiki, yaani mdundo mzito wa ngoma, inamezwa. Kiki na besi zinagombania eneo moja, hezi 50 hadi 100 hivi. Kupandisha kiki hakusaidii, masta (sauti ya mwisho ya wimbo mzima) inaanza kukwaruza.

Dawa ni kompresa (kifaa cha kubana sauti ikizidi kiwango) inayokaa kwenye besi lakini inasikiliza kiki: kiki ikigonga, besi inashuka. Kwenye FL Studio (programu ya kutengeneza muziki), chagua treki ya kiki kwenye miksa, bofya kulia mshale ulio chini ya treki ya besi, chagua "Sidechain to this track". Usichague "Route to this track". Hiyo inapeleka sauti yenyewe, kiki inapitia kwenye treki ya besi na kubanwa humo. Kisha weka Fruity Limiter (ina kompresa ndani yake) kwenye besi, ingia COMP, kwenye SIDECHAIN weka 1.

Rasio (kiasi cha kubana) 4:1, ataki (muda wa kuanza kubana) milisekunde 2. Shusha kizingiti (kiwango ambacho kompresa inaanzia kubana) mpaka besi ipungue desibeli 4 hadi 6.

Wengi wanakwama kwenye rilizi, yaani muda wa besi kurudi juu baada ya kubanwa. Gawanya 60,000 (milisekunde za dakika moja) kwa spidi ya biti (mapigo kwa dakika): kwenye 200, kiki zinapishana milisekunde 300. Rilizi ya 400 inaifanya besi ibaki chini wimbo mzima, kama vile umepunguza voliumu tu. Anza na 120. Ukishuka hadi 10, besi yenyewe itaanza kukwaruza.