Geji ya Giaboksi kwenye Foleni ya Mandela

Mwezi Januari 2016 mjomba wangu alinunua kompresa ya kuchimbia visima, iliyofungwa juu ya tela lake la magurudumu manne, na mimi nikapewa kazi ya kumsindikiza kuitoa Kurasini, jijini Dar es Salaam, hadi Kibaha. Kompresa na tela kwa pamoja vilikuwa na uzito wa takriban tani 3. Gari la kuvutia lilikuwa pikapu yake aina ya Ford F-250, injini ya dizeli ya lita 7.3, giaboksi ya otomatiki ya gia nne, na kwa gari la namna hiyo tani 3 si mzigo wa kutisha. Kilichonitia wasiwasi ni njia na saa. Tulimaliza kufunga minyororo saa nane mchana, jua likiwa kali, na mbele yetu ilikuwepo Barabara ya Mandela yote, kisha makutano ya Ubungo, kisha mlima wa Kimara.

Kabla ya safari hiyo nilikuwa nimefunga geji ya joto la oili ya giaboksi chini ya dashibodi. Sensa yake niliiweka kwenye sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, kwa sababu nilitaka kujua joto la oili inayonyonywa na pampu na kupelekwa kwenye klachi za ndani, wala si la paipu inayotoka kwenye konveta (chombo kinachopitisha nguvu ya injini hadi kwenye giaboksi kwa oili), ambalo hupanda na kushuka ghafla kiasi cha kumchanganya dereva. Mjomba aliichukulia kuwa pambo tu.

"Mwanangu, gari lina geji ya maji," aliniambia. "Maji yakiwa sawa, gari liko sawa."

"Maji yanaeleza habari za injini, Mjomba," nilimjibu. "Giaboksi ina habari zake."

Tulipofika Uhasibu geji ilisoma nyuzi 85 za selsiasi, nami nikaridhika, kwa kuwa giaboksi nyingi za otomatiki hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 80 na 95. Mambo yalibadilika kwenye makutano ya TAZARA. Wakati ule daraja la juu lilikuwa bado halijajengwa (lilifunguliwa mwaka 2018), na trafiki aliyekuwa akiongoza magari kwa mkono aliruhusu upande wa Barabara ya Nyerere kwa muda mrefu sana. Sisi tulikuwa tukisogea hatua moja, tunasimama, tunasogea tena. Buguruni geji ikasoma 104. Tabata Relini ikasoma 113. Mshale wa maji, muda wote huo, ulikaa katikati bila kutikisika.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea kuhusu kuvuta mizigo, kwani hudhani kwamba joto huletwa na mwendo kasi au na milima peke yake. Ndani ya konveta, iliyo kati ya injini na giaboksi, mna kitu kama mapangaboi mawili yanayotazamana ndani ya oili: moja huzungushwa na injini, na jingine husukumwa na oili ile ili lizungushe giaboksi. Gari likiwa kwenye mwendo mzuri, klachi ya konveta hufunga na yote mawili huzunguka kama kitu kimoja. Kwenye foleni klachi hiyo haifungi, kwa hiyo kila unapokanyaga mafuta ili kuiondoa tani 3 kutoka kusimama, panga la kwanza linazunguka kwa nguvu huku la pili likiwa karibu limesimama, na nguvu yote inayopotea hapo hugeuka kuwa joto ndani ya oili. Wakati huohuo hakuna upepo wa maana unaopita mbele ya gari kuipoza.

Tulipokaribia eneo la External geji ilikuwa 118. Nilimwomba Mjomba atoke barabarani. Ikipita nyuzi 120 na kukaa huko, oili huanza kuacha utando kwenye valvu na sili za mpira hukakamaa. Na mafundi wana kanuni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya kiwango cha kawaida hupunguza uhai wa oili kwa takriban nusu. Alikubali, ila mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye ufunguo.

"Usizime, Mjomba, tafadhali."

Pampu ya giaboksi huzungushwa na injini. Ukizima, oili husimama palepale ilipo na moto wake, wala haifiki kwenye rejeta yake ndogo ya kuipoza. Tuliweka gia huru, tukavuta breki ya mkono, nikaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, kisha nikamwomba aishikilie injini kwenye mizunguko 1,200 hivi kwa dakika, ili pampu na feni vyote viongeze kasi. Nikafungua boneti na kusogeza mkono kwenye paipu mbili za ile rejeta ndogo. Ya kuingilia haikuvumilika hata kwa kuikaribia. Ya kutokea niliweza kuigusa kwa muda mfupi. Tofauti ile ilinipa faraja kubwa, kwa maana oili ilikuwa inapita na inapozwa. Muuza maji aliyekuwa karibu alitaka kutusaidia kwa kumwagia giaboksi maji ya baridi, nikamshukuru na kumzuia. Geji ikashuka polepole hadi 96.

Kutoka pale Mjomba aliendesha kwa namna nyingine. Aliacha nafasi mbele yake, bodaboda wakaijaza wapendavyo, naye akasubiri mpaka aweze kusogea umbali wa maana kwa mkupuo mmoja, na foleni iliposimama kabisa alitoa gia. Ubungo tulipita tukiwa chini ya 105.

Mlima wa Kimara, alioutazamia kwa hofu, ndio uliomshangaza. Njia za mwendokasi zilikuwa tayari, ingawa mabasi yalianza kazi Mei mwaka ule, na magari upande wetu yalikuwa yamefunguka kidogo. Nilimwambia abonyeze kitufe cha O/D (overdrive, cha kuizima gia ya nne) kwenye ncha ya mkono wa gia, ili giaboksi ibaki gia ya tatu na konveta ifunge, badala ya kuhangaika kati ya ya tatu na ya nne. Injini ilinguruma zaidi. Joto likashuka. Tulifika Mbezi geji ikisoma 92, tukiwa tumepanda mlima na tani 3 nyuma yetu, na Mjomba aliitazama ile namba mara nyingi kuliko alivyotazama mwendo.

Kibaha tulisimama mahali tambarare, injini ikiendelea kuzunguka, nikachomoa stiki ya oili na kuipangusa kwenye karatasi nyeupe. Oili ilikuwa bado nyekundu, haina harufu ya kuungua. Mjomba aliichukua karatasi ile, akainusa mwenyewe, kisha akaniuliza rejeta kubwa zaidi ya giaboksi inapatikana wapi. Tuliipata Kariakoo, nikaifunga mbele ya rejeta ya maji, na tangu hapo kila alipovuta kompresa ile aliondoka saa kumi alfajiri.