Bobini Tumboni

Maini nayajua, figo nazijua, bandama najua hata bei yake buchani. Kongosho sikuwahi kuliulizia mpaka lilipojitambulisha lenyewe, usiku mmoja wa Ramadhani baada ya futari. Maumivu yalianzia chini ya chembe cha moyo yakapenya hadi mgongoni, na nafuu niliipata nikijikunja mbele tu kama mtu aliyedondosha sindano. Zahanati ya kwanza walisema vidonda vya tumbo, wakanipa vidonge. Siku ya pili nilibebwa hospitali. Kumbe ni mawe ya nyongo: jiwe moja lilikuwa limeteleza likaziba mlango ambao nyongo na kongosho hutumia pamoja. Nikalazwa siku tisa na dripu.

Nilidhani yameisha. Baada ya wiki tatu, tumbo likaanza kutangulia. Nikikaa kwenye cherehani, ukingo wa meza unanigusa mahali ambapo haukuwa ukinigusa. Matonge matatu, nimeshiba, mara natapika. Mke wangu akaniangalia: “Huli, hicho kitambi chatoka wapi?”

Picha ya sitiskani (CT scan) ikaonyesha mfuko wa maji wa sentimita 11 nyuma ya tumbo la chakula. Maji ya kongosho yalivuja, mwili ukayajengea ukuta. Nikamuuliza daktari atanipasua lini. Akasema hapasui, na tena tungoje. Vifuko vingine hunywea vyenyewe, na ukuta huchukua kama wiki nne kukomaa. Ukitobolewa ungali mbichi, maji yanaweza kumwagika ndani. Hilo halikuhitaji kurudiwa. Kitambaa chepesi hakishiki mshono.

Changu hakikunywea. Wiki ya sita nikatiwa usingizi, mpira mrefu ukapitishwa mdomoni, wenye kamera na kichwa kidogo cha altrasaundi nchani. Kamera huona ndani ya tumbo tu. Altrasaundi ndiyo huona ng’ambo ya ukuta, na mishipa ya damu ilipopita, isije ikachomwa. Wakatoboa kutoka tumboni kuingia kwenye kifuko, wakaacha stenti hapo, kibomba cha kushikilia njia wazi. Daktari alikuwa amenionyesha picha yake kabla, nikacheka: bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini wa cherehani! Bobini tupu, ila ya waya wa kusukwa, yenye tundu la milimita 15. Ukingo mmoja wakaa ndani ya kifuko, mwingine ndani ya tumbo, kuta mbili zinabanwa pamoja, na maji yanamiminika yakifuata njia ya chakula.

Nilipozinduka koo lilikuwa linakwaruza. Mkono ulikwenda tumboni kabla sijafungua macho vizuri. Palikuwa pamelala.

Mteja wangu mmoja aliposikia, akataka mamake mwenye uvimbe wa kongosho naye “atiwe bobini”. Nikamwambia sivyo, ndugu yangu. Kuna vifuko vya ute vinavyoweza kugeuka saratani. Hivyo hufuatiliwa kwa picha au hukatwa, havitobolewi hivi. Na uvimbe wa nyama ni jambo jingine tena: mpira huohuo hutumika kuchukua kipande kwa sindano kikapimwe. Kwanza aulize uvimbe wa mamake ni wa aina gani.

Bobini yenyewe haikai. Niliambiwa nirudi itolewe ndani ya wiki nne, kwa sababu kifuko kikishakauka chuma kinaweza kusugua mshipa ukavuja damu. Karatasi za bima zikazungushwa ofisi hadi ofisi, na mimi ninakula biriani, sihisi chochote. Nusura niache. Mke wangu alikwenda kuketi huko asubuhi mbili mfululizo mpaka wakapiga muhuri. Kifuko cha nyongo na mawe yake kilitolewa baadaye, kwa matundu madogo manne.

Niliiomba ile bobini niiweke dukani. Wakakataa, ni taka za hospitali.

Kibandani nilikuta kanzu ya bwana harusi mmoja imening’inia vilevile, haina darizi. Harusi ilishapita. Kaoa na kanzu ya kuazima, na bado hajaja kuchukua arubuni yake.