Vipande vya chenga kwa plamu za nyanda za juu

Mapishi mengi ya vipande vya chenga yanayosambaa mtandaoni yameandikwa na watu wanaochuma cheri mwezi Juni na Julai, katikati ya kiangazi cha Ulaya na Marekani, miezi ambayo sisi wa Mbeya tunatembea na masweta hadi jua lipande vizuri. Msimu wetu uko upande wa pili wa mwaka. Mvua zikishakolea, kuanzia Desemba hadi Februari hivi, plamu hushuka kutoka Njombe, Makete na vilima vingine vya huku, zikajaa Mwanjelwa kwenye sado na mafungu, na kwa wiki chache bei yake huwa ya mtu yeyote. Ndiyo maana sioni sababu ya kuhangaika na cheri za kopo wakati tunda la kufaa liko mlangoni. Hata nathubutu kusema kwamba, kwa pishi hili, plamu chachu inaishinda cheri tamu, na sababu zake hazina uhusiano wowote na uzalendo.

Kwa asiyelifahamu, pishi hili lina tabaka tatu ingawa unga wake ni mmoja. Unga wa ngano, oti, sukari na siagi huchanganywa mpaka mchanganyiko uwe chengachenga. Sehemu kubwa hushindiliwa kwenye trei iwe sakafu, tunda hutandazwa juu yake, na chenga zilizobaki hunyunyizwa mwisho bila kushindiliwa. Vikishapoa hukatwa vipande vya mraba vya kushika mkononi, na hapo ndipo penye mtihani, kwa sababu kipande kinachovuja maji ya tunda kimekuwa chakula cha kijiko.

Cheri, plamu na pichi ni za ukoo mmoja, ule ambao wataalamu wa mimea huuita Prunus, na ukilipasua lolote kati ya matunda hayo utakuta kokwa moja ngumu katikati ya nyama laini. Kinachowatenganisha kwa mkulima ni baridi. Mti wa cheri kwa kawaida hudai mamia mengi ya saa za baridi kali, chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, ndipo uchanue vizuri. Zipo aina za plamu na pichi zinazoridhika na baridi ya muda mfupi zaidi, na hizo ndizo zilizokubali kwenye vilima vyetu, ambako usiku wa Juni unauma lakini mchana jua hurudi.

Kwa mpishi, tofauti iko kwenye uchachu na pektini. Pektini ni ile dutu iliyo katika kuta za seli za tunda, ambayo ikikutana na asidi na sukari hufanya jemu igande inapopoa. Cheri tamu zina pektini kidogo na uchachu mdogo, na ndiyo sababu mapishi yake hukuagiza uongeze maji ya limao na vijiko kadhaa vya wanga wa mahindi. Plamu, hasa ambayo haijaiva kupita kiasi, ina pektini ya kutosha, na ganda lake limebeba sehemu kubwa ya uchachu. Kwa hiyo usiimenye. Plamu nyingi zina nyama ya njano, lakini zikichemka pamoja na maganda yake tabaka zima hugeuka jekundu la kuelekea zambarau. Anayezimenya anatupa rangi, uchachu na kigandishi kwa mkupuo mmoja, kisha anakwenda dukani kuvinunua upya.

Sokoni utakuta sado moja ina plamu za kila kiwango, na muuzaji kwa wema wake atataka kukuchagulia zilizo laini. Mimi humwomba anichanganyie, theluthi mbili zilizoiva na theluthi moja ngumu bado. “Mwanangu, hizo ngumu si za kula leo,” huniambia mama mmoja ninayenunua kwake. “Ni za kuoka, mama, niwekee tu.” Zile ngumu ndizo zenye pektini nyingi, na ndizo zitakazobaki na umbo baada ya moto. Plamu ambayo haijashikwashikwa ina ukungu mweupe wa nta juu ya ganda, unaofutika ukipitisha kidole. Ibonyeze karibu na kikonyo kwa kidole gumba: ikibonyea kidogo, imeiva; kidole kikizama, hiyo ni ya jemu. Hata iwe nzuri kiasi gani kwa nje, ipasue uangalie ndani, kwa kuwa nzi wa matunda hutoboa ganda na kutaga humo, na funza hawapigi hodi. Makokwa yatupwe. Nimeona wapishi wa mbali wakiyavunja ili kupata kiini chenye harufu ya lozi, lakini kiini hicho kina amigdalini, ambayo hutoa sianidi ikifika tumboni, na harufu hiyo haifai kuhatarisha mtu.

Vipimo vyangu ni vya trei ya mraba yenye upande wa sentimita 23. Unga wa ngano gramu 250, ambazo ni vikombe viwili vya mililita 240 vilivyojazwa bila kushindiliwa. Oti gramu 100. Sukari gramu 130. Siagi gramu 180. Nusu kijiko cha chai cha chumvi na nusu kingine cha bekingi pauda. Kwa upande wa tunda, plamu gramu 700 zikiwa na kokwa zake, sukari gramu 80, wanga wa mahindi kijiko kikubwa kimoja na nusu, na mdalasini wa kubana kwa vidole viwili. Oti zikikosekana, au bei yake ikikukera, weka gramu 80 za karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusunusu. Binafsi naona karanga zinakaa vizuri zaidi na uchachu wa plamu kuliko oti, ila wageni wangu wamegawanyika.

Siagi iwe ya maziwa ukiweza kuipata, na katika mkoa wenye ng'ombe wa maziwa kama wale wa Rungwe hilo si jambo la ajabu. Siagi hiyo ina mafuta asilimia 80 hivi, wakati majarini laini za kupaka mkate mara nyingi zina maji mengi zaidi, na maji hayo huufanya unga uungane kuwa donge badala ya kubaki chenga. Iwe baridi pia. Hapa baridi ya Mbeya ni msaada mkubwa, maana siagi hubaki ngumu mezani asubuhi nzima. Ndugu zetu wa Kyela, huko chini kwenye joto la Ziwa Nyasa, itabidi waiweke kwenye friji kwanza na wafanye kazi haraka. Ikate vipande vidogo, ichanganye na unga kwa ncha za vidole, kamwe si kwa viganja, kwa sababu viganja vina joto. Utajua umefika pale utakapokamata konzi moja ukaifumbata ikashikana, kisha ukaigusa kwa kidole gumba ikavunjika mabonge yasiyolingana, mengine ya ukubwa wa punje ya mahindi, mengine ya ukubwa wa haragwe. Kutolingana huko ndiko kunakoufanya uso wa juu uwe mkavu na wenye kuvunjika vizuri mdomoni.

Theluthi mbili za chenga hizo zishindilie kwenye trei iliyotandikwa karatasi iliyopakwa siagi, uzioke peke yake kwa dakika 15 kwenye moto wa nyuzi 180. Wengi huiruka hatua hii ili kuokoa muda, na matokeo yake ni sakafu mbichi iliyonyonya maji ya tunda. Wakati sakafu inaiva, shughulikia plamu. Zikate vipande vinane kila moja, zichanganye na sukari, uziache kwenye bakuli. Sukari huvuta maji nje ya tunda, na baada ya robo saa utaona sharubati jekundu limejikusanya chini. Lichuje hilo kwenye sufuria ndogo, lichemshe mpaka libaki nusu, kisha mimina wanga ulioukoroga kwa vijiko viwili vya maji baridi, huku ukikoroga bila kuacha. Mbeya mjini tuko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, ambako maji huchemka kwa nyuzi 94 tu, kwa hiyo usiuondoe mchanganyiko motoni kwa kuona povu la kwanza: upe dakika nzima ya kuchemka, mpaka ile rangi ya maziwa ipotee na sharubati liwe angavu na zito. Hapo urudishie kwenye plamu pamoja na mdalasini. Kwa njia hii maji yamekwisha kudhibitiwa kabla trei haijaingia motoni, wala huhitaji kurundika wanga mwingi unaoacha ladha ya unga ulimini.

Mwenye oveni atandaze tunda juu ya sakafu, anyunyize chenga zilizobaki, arudishe trei kwa dakika 35 hadi 40 kwenye nyuzi zilezile. Nyumba nyingi za huku hazina oveni, na pishi hili haliidai. Chukua sufuria pana na nzito, mwaga mchanga mkavu wa kina cha vidole viwili, funika, uweke kwenye jiko la mkaa kwa robo saa ili mchanga ushike joto. Trei, ambayo bora iwe ya duara ili iingie bila kugusa kingo, ikae juu ya mchanga, na mfuniko wa bati bapa ubebe makaa juu yake. Siri iko kwenye mgawanyo wa makaa. Wakati wa kuoka sakafu peke yake, gawa nusu kwa nusu. Ukishaweka tunda na chenga za juu, punguza ya chini yabaki machache na uhamishie mengi kwenye mfuniko, kwa kuwa sakafu imekwisha kuiva na sukari inayodondokea chini huungua upesi. Kila dakika kumi zungusha sufuria robo mzunguko, maana upande mmoja wa jiko huwa mkali kuliko mwingine. Jiko likae nje au barazani. Najua mvua za Januari zinatushawishi tuliingize ndani na kufunga mlango, lakini mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa wamelala.

Usihukumu kwa saa peke yake. Chenga za juu ziwe na rangi ya dhahabu iliyokolea, na kwenye mianya katikati ya trei uone sharubati likitoa mapovu mazito yanayopasuka polepole. Mapovu ya pembeni hayatoshi kuwa ushahidi, kwa sababu pembeni huchemka mapema zaidi.

Kisha subiri. Pektini na wanga hukamilisha kazi yake ya kugandisha wakati wa kupoa, na kipande kilichokatwa kikiwa moto kitabomoka hata kama ulifanya yote sawasawa. Kwa baridi ya huku saa mbili zinatosha, ingawa mimi napendelea kuoka jioni na kukata asubuhi. Tumia kisu kirefu chenye makali, ukibonyeze wima kutoka juu badala ya kusukasuka kama msumeno, na ukifute kila baada ya mkato. Trei hiyo hutoa vipande 16 vya kutosha na chai ya rangi. Chai ya maziwa naiona nzito mno kwa kitu chenye siagi kiasi hiki.

Yeyote atakayeletewa cheri mbichi na msafiri anaweza kutumia vipimo hivihivi kwa mabadiliko machache: sukari ya tunda ishuke hadi gramu 50, wanga upande hadi vijiko vikubwa viwili na nusu, na maji ya limao vijiko vikubwa viwili yaingie kwenye sharubati. Zile cheri nyekundu zilizokolezwa sukari za kupambia keki hazifai kabisa, zimebaki sukari na rangi. Pichi zikifika sokoni, zifanyie kama cheri, ila hizo zimenywe, kwa sababu ganda lake lenye manyoya huwa gumu likiokwa. Na kwa kuwa kila nikiandika kuhusu matunda ya mkoa huu kuna mtu huniuliza kuhusu parachichi: hapana, parachichi likipata moto wa oveni huwa chungu.

Vipande hukaa siku tatu kwenye kopo lenye mfuniko bila friji. Kuanzia siku ya pili chenga za juu huanza kulainika kwa unyevu wa tunda. Zipashe kwenye kikaango kikavu kilichofunikwa, moto mdogo, dakika tano, kisha ufunue dakika mbili za mwisho ili mvuke utoke na chenga zikauke tena.